Mguu wa Kushoto wa Ombasha Murjan

Kila alfajiri nilikuwa nikimmiminia mume wangu maji ya udhu. Si kwamba alishindwa kujimiminia. Ni mazoea tuliyoanza mwaka tuliooana, na hakuna aliyeona sababu ya kuyaacha. Siku moja, mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tatu, niliinama kumtoa tope kwenye kisigino, mkono wangu ukakataa. Mguu wa kulia ulikuwa na joto la mtu. Wa kushoto ulikuwa baridi kama kopo lililolala nje.

"Murjan," nikamwambia, "huu mguu umetoka wapi?"

"Umetoka kitandani pamoja na mwenzake," akasema. "Mimina maji, sala inapita."

Nikamimina. Lakini tangu siku ile nikawa naugusa kila alfajiri bila yeye kujua, nikijifanya natafuta tope.

Mume wangu aliitwa Ombasha Murjan kwa sababu ya cheo alichotoka nacho jeshini. Aliingia kijana katika vita vya kwanza vya Mjerumani, akatembea kwa miguu hadi nchi ya Wamakonde na kurudi. Alipomaliza miaka yake akapewa kipande cha mahali hapa Kibra, kama wazee wetu wengine wa Kinubi. Tulikuwa na ng'ombe wanne. Kila asubuhi alijitwika madebe mawili ya maziwa kwenye mti wa begani, akaenda kuwauzia watu wa reli kule mjini, akarudi kabla ya adhuhuri. Alisema mtu aliyefundishwa na jeshi kutembea hawezi kufundishwa na gari kukaa.

Habari zaidi nilizipata kwa wifi yangu Mabrouka, dada yake mkubwa. Nyumba yake ilikuwa imegusana na yetu, na macho yake hayakupumzika.

"Mumeo," akaniambia, "husimama kwenye ua wa gofu akiwatazama Wazungu wakipiga ule mpira mdogo. Anaweka madebe chini kabisa. Tangu lini anapenda mpira?"

"Labda anapumzika."

"Murjan? Apumzike?"

Nikamfuata siku moja kwa mbali, kikapu mkononi kama mtu aendaye sokoni. Kweli alisimama kwenye ua. Aliweka madebe chini, akashika shavu la mguu wa kushoto, akalikamua kama nguo. Baada ya muda akanyooka, akaenda. Alipofika chini ya kilima akasimama tena, na huko hakukuwa na mpira wa kutazama.

Mwezi wa kwanza alikuwa akisimama gofu. Mwezi wa pili hakufika gofu bila kusimama kwenye reli, pale njia inapokata. Watu wa reli wakawa wanapata maziwa jua limekwisha kuyapiga, wengine wakatafuta mwuza maziwa mwingine. Aliporudi nyumbani alijifunga mguu kwa vitambaa vyake vya jeshi, vile virefu askari walivyojizungushia kutoka kifundoni hadi gotini, akavikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Akakaa mlangoni na kiko chake, akavuta tumbako.

Mtu aliyetusaidia alikuwa Githinji, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, Mkikuyu mwenyeji wa Kawangware. Baba yake alikuwa na shamba huko tangu zamani. Githinji alikuwa Mkristo, mtu wa kufunga tai hata Jumamosi, na kila asubuhi alipita na baiskeli akanunua kikombe cha maziwa kwa Murjan. Alipomwona ameshika shavu la mguu siku tatu mfululizo, akamfuata nyumbani jioni.

"Hodi, mama. Nimekuja kumwona Ombasha na mguu wake."

"Nani amekwambia nina mguu?" Murjan akauliza.

"Ninakuona unao miwili. Mimi nataka huo mmoja."

Akamfungua vile vitambaa, akavikunja kwa adabu, akaviweka kando. Akaweka vidole viwili juu ya wayo, akavisogeza huku na huku. "Hapa damu hugonga," akaniambia, akachukua vidole vyangu akaviweka kwenye mguu wa kulia. Kweli, kulikuwa na kitu kinagonga polepole, kama kifaranga ndani ya yai. Akavihamishia kushoto. Hakukuwa na kitu.

Akamlaza, akauinua mguu juu. Ukapauka ukawa rangi ya majivu. Akamketisha, mguu ukaning'inia. Ukakaa hivyohivyo, halafu ukaanza kuwa mwekundu mpaka ukawa zambarau.

"Umeona, mama? Njia ya damu ni kama mfereji wa shamba. Huku juu umejaa taka, maji yanafika chini kidogo kidogo. Mguu ukitulia, hicho kidogo kinautosha. Ukitembea unataka zaidi, haupati, unalia."

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa ya kuzibua mfereji sina. Hata daktari wangu hana. Lakini maji yakikosa njia kubwa hutafuta vijinjia. Tunaweza kuvisaidia vijinjia."

Akatupa makatazo matatu. Asivute tumbako tena, hata kidogo. Asijifunge kitu chochote cha kubana. Na asiuweke mguu karibu na moto: si jiko, si chupa ya maji moto, si tofali la kupasha. "Mguu huu hausikii vizuri," akasema. "Utaungua nao hautasema."

Halafu akatupa kazi mbili. Atembee kila siku mpaka maumivu yaje, asimame mpaka yaondoke, kisha atembee tena. "Usiyakimbie maumivu, Ombasha. Yafikie, uyasalimie, uondoke." Na mara tatu kwa siku alale, mguu uinuliwe juu ya kiti kilichopinduliwa kwa dakika mbili, kisha uning'inie kitandani dakika tatu, kisha ulale sawa dakika tano. Mara sita kila safari.

"Mna saa?" akauliza.

"Tuna tasbihi," nikasema.

Akacheka, lakini akatoa saa yake mfukoni. Nikasoma Subhanallah kwa mwendo wangu wa kila siku, naye akatazama mshale mpaka nikamaliza punje zote tisini na tisa.

"Dakika mbili na kidogo," akasema. "Basi mzunguko mmoja juu. Mmoja na nusu chini. Miwili na nusu kulala. Mungu ni yule yule, mama, hesabu tu usiharakishe."

Tukaanza hivyo. Murjan alitoa kiko chake mwenyewe, akanipa nikakifungia kwenye sanduku la nguo. Asubuhi, alasiri na baada ya magharibi alilala, mguu juu ya kiti, mimi pembeni na tasbihi. Mabrouka alisema nyumba yetu imekuwa zawia ya dhikri. Murjan alisema hajawahi kumkumbuka Mungu hivi tangu risasi zilipompita sikioni.

Na mguu ukasikia. Sisemi ulipona, maana nilikuwa nikiweka vidole vyangu pale juu ya wayo na hakukuwa na kinachogonga. Lakini mwezi wa tatu alipita reli bila kusimama. Wiki mbili baadaye akafika gofu. Siku hiyo alirudi na madebe matupu, akaniambia, "Bakhita, leo nimeutazama mpira kwa kupenda." Githinji akaja na kipande cha chaki, akaandika kwenye mlango wetu: gofu.

Ndipo ikaja ile siku ya mwezi wa nne serikali ilipozingira mji. Ilikuwa Hali ya Hatari, na Wakikuyu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa wasikojulikana. Sisi Wanubi hatukuguswa. Asubuhi ile Githinji hakupita na baiskeli. Wala kesho yake. Murjan alimwekea kikombe chake cha maziwa kando kwa siku saba, kisha akaacha.

Tuliendelea wenyewe. Ramadhani ilipita, na Idi akaenda kusali kwa miguu, akasimama mara moja tu. Watu wakampa mkono. Lakini mwezi wa saba baridi ya Kibra ikashuka, ile ya ukungu mpaka saa nne, na mguu ukageuka. Akaanza kusimama kwenye reli. Kisha msikitini. Kisha ikawa mguu unauma hata akiwa amelala, akawa analala ameketi, mguu umening'inia nje ya kitanda ili damu ishuke. Kidole kidogo kikawa cha samawati. Siku moja nikanusa tumbako kwenye koti lake. Nikafungua sanduku, kiko hakikuwamo. Nikalifunga tena. Mtu aliyeketi macho wazi mpaka asubuhi, utamwambia nini?

Tulikwenda hospitali kwa gari la ng'ombe la jirani. Watu walikuwa wengi hadi nje ya ukuta. Tukapewa vidonge vyeupe na siku ya kurudi, baada ya wiki mbili.

Mabrouka aliketi kitandani kwetu, akaushika ule mguu kwa mikono miwili. "Huu umeingiwa na baridi," akasema. "Na baridi haitolewi kwa kuinua mguu kama bendera. Inatolewa kwa dukhani."

Dukhani ni mambo yetu ya wanawake. Kila nyumba ya Kinubi yenye mke ina shimo dogo kwenye pembe ya chumba, na chungu kimezikwa ndani yake. Tunaweka makaa na vipande vya mgunga na sandali kidogo, mwanamke anakaa juu ya mkeka wenye tundu, amefunikwa blanketi, moshi unampanda mwili mzima. Bibi harusi hukaa siku nyingi. Aliyejifungua hukaa ili mifupa ipate joto. Mimi mwenyewe baada ya kila uzazi nilikaa, na nikasimama.

"Githinji alikataza moto," nikasema.

"Dukhani ni moto? Moto uko chini, umefunikwa majivu. Kinachopanda ni moshi. Alikataza jiko, alikataza chupa, alikataza tofali. Alisema moshi?"

Hakusema moshi. Nilirudia maneno yake yote kichwani, moja moja, kama mtoto anayesomeshwa Kurani chuoni, na moshi haukuwamo. Angejuaje dukhani, mtu wa Kawangware? Lakini sikutaka kufanya kwa kukisia. Kesho yake nikajifunga, nikatembea hadi Kawangware kumwuliza.

Nyumba nilielekezwa. Mkewe, Wamucii, alikuwa akimenya viazi mlangoni, baiskeli ya mumewe imeegemezwa ukutani nyuma yake, magurudumu hayana upepo. Nikamwambia mimi ni mke wa yule mzee wa maziwa.

"Mwenye mguu," akasema. "Alikuwa akitueleza hapa wakati wa kula. Alifika wapi?"

"Alifika gofu. Sasa anasimama mlangoni. Dada, nimekuja kumwuliza mumeo neno moja tu."

Akaweka kisu chini. "Walimchukua pale njiani, na koti lake la kazi, baiskeli wakaiacha. Nimekwenda kwa bwana shauri wa serikali mara nne. Mara ya mwisho nimeambiwa nikienda tena nitachukuliwa na mimi. Sijui kama yuko kambini Manyani au kisiwani au udongoni. Neno gani?"

Nikaona aibu ya neno langu. Lakini nilikuwa nimetembea njia yote ile. "Moshi," nikasema. "Alikataza moto. Nataka kujua kama alikataza na moshi."

Wamucii alifikiri kwa kweli, hakunicheka. "Angekuwepo angekwambia," akasema. "Mimi alinifundisha kuchemsha sindano tu."

Akanipa viazi vitano kwenye kanga. Nikarudi navyo.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, tulimketisha Murjan kwenye kigoda juu ya shimo langu. Aliona haya sana.

"Mnanitia kwenye shimo la maharusi?"

"Kaa," dada yake akasema. "Ukitoka hapo nitakutafutia mke mwingine. Huyu amezeeka na tasbihi yake."

"Mwache huyu. Huyu anajua kuhesabu."

Tukaushusha mguu wa kushoto kwenye tundu la mkeka, tukamfunika blanketi kiunoni. Mgunga ukaanza kutoa ile harufu yake. Uso wa Murjan ukalegea. Nilikuwa sijauona ukilegea tangu Idi.

"Unaona vipi?" nikamwuliza.

"Vizuri," akasema. "Naona vizuri, Bakhita."

Katika dukhani hakuna saa. Anayekaa ndiye anayejua. Moto ukizidi anajisogeza, anainuka kidogo, anasema ongeza au punguza. Ngozi yake ndiyo kipimo. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotufundisha, na hivyo ndivyo nilivyomngojea Murjan aseme. Hakusema. Akasinzia, kichwa kimeegemea ukuta, mara ya kwanza katika siku nyingi. Mabrouka akaweka kidole mdomoni mwake kunionya nisimwamshe. Nikasoma tasbihi mizunguko saba. Chumba kilinukia mgunga na sandali, na harufu hiyo ilifunika harufu nyingine yoyote.

Tulipoinua blanketi, ngozi ya wayo ilibaki kwenye tundu la mkeka.

Yeye hakushtuka. Aliutazama mguu wake kama anatazama wa mtu mwingine. "Hauumi," akasema, akatugeukia sisi wawili, tukiwa tumesimama, kama anatutuliza. "Kweli, hauumi."

Niliuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikafunga kitambaa safi bila kukaza. Kidonda cha mtu mwenye damu hufunga. Hiki kilikaa wazi, hakikutoa hata usaha, kikakauka kikawa cheusi, na weusi ukapanda. Kidole kidogo, kisha cha pili, kisha nusu ya wayo. Niliinua mguu juu ya kiti, nikasoma mzunguko mmoja. Niliushusha, mmoja na nusu. Niliulaza, miwili na nusu. Mara sita, mara tatu kwa siku. Nilijua haisaidii. Nilifanya kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nifanye, na aliyeniambia hakuwepo kuniambia niache.

Homa ilipoanza tulirudi hospitali, na safari hii tulipokewa mara moja. Daktari alinusa tu. Alisema kwa mkalimani kwamba watakata chini ya goti, na wakichelewa watakata juu ya goti, na wakichelewa zaidi hawatakata.

Murjan alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaniita karibu.

"Wewe ulikuwa wa kwanza kuujua huu mguu," akasema. "Sema wewe."

Nilimwambia lile lililonikaa kifuani badala yake. "Ni mimi niliyeuchoma, Murjan. Nilikatazwa moto, nikajidanganya nikasema ni moshi."

Akajipapasa shavu. "Joto nililiona usoni," akasema. "Na mgongoni. Nikafikiri mguu nao unaliona. Haukuniambia kitu." Kisha akasema, "Mabrouka asiambiwe kuwa ni shauri lake. Ana moyo mwepesi wa kulia."

Akatia kidole gumba kwenye wino. Sharti lake lilikuwa moja: mguu usitupwe, uzikwe kwetu Kibra, mahali atakapokuja kuzikwa yeye.

Walinikabidhi mguu asubuhi iliyofuata, umefungwa shuka na gunia juu. Sheikh alikuwa amenieleza kwamba hausaliwi, kwa kuwa mwenyewe yu hai. Unafungwa nguo safi na kuzikwa, basi. Nikautia kikapuni, nikajitwika. Mabrouka alitembea nyuma yangu. Sikutarajia ungekuwa mzito vile.

Tulishuka kilima, tukapita pale chini aliposimama siku ile nilipomfuata. Tulipofika ua wa gofu, Mabrouka akashika mti wa ua akaanza kulia, nami nikateremsha kikapu nikakiweka kwenye majani. Upande wa pili Wazungu wawili na mwanamke mmoja walikuwa wakipiga mpira wao, wakitembea, wakiupiga tena. Hakuna aliyetutazama. Tulikaa mpaka Mabrouka akamaliza. Kisha nikajitwika, tukavuka reli, tukapita msikiti, tukaenda mpaka makaburini, ambako jirani zetu walikuwa wamechimba shimo fupi.

Alasiri nilirudi hospitali. Murjan alikuwa ameamka, midomo imekauka.

"Mmeuzika?"

"Tumeuzika. Karibu na baba yako."

"Mlipita njia gani?"

"Njia yako."

"Mlisimama?"

"Gofu tu," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Hapo ndipo." Akafumba macho. Nilidhani amelala. "Walikuwa wanacheza?"

"Walikuwa wanacheza."

Adhana ya magharibi haikufika mle ndani, lakini dirisha lilikuwa limeingia giza la wakati wake. Aliniomba udongo, nikamletea kwenye kisahani, akatayamamu kitandani, uso na mikono. Akasali kwa ishara. Nilipoona ameshughulika na sala, nikaingiza mkono chini ya blanketi upande wa kulia, nikautafuta ule wayo mmoja, nikaweka vidole viwili mahali Githinji aliponionyesha. Nikangoja. Niliupata mgongo wa mguu ukiwa vuguvugu, si baridi, si moto. Kile kifaranga kiligonga mara moja, kikakawia, nikafikiri nimekosea mahali. Nikavisogeza vidole.

Nikatoa tasbihi, nikaanza kuhesabu, nikingoja kigonge tena.